Nani Kamlevya Maimuna?

Kila tunaposahihisha insha za wanafunzi kuhusu Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, tunakutana na sentensi ile ile katika maumbo mbalimbali. Maimuna alitumbukizwa katika ulevi. Maimuna aliingizwa Rumbalola. Maimuna aliharibiwa na malezi. Vitenzi vyote ni vya kutendwa, na mtendaji ni Maksuudi, babake. Akikosekana yeye, basi ni "jamii".

Hatusemi kwamba ni makosa kumlaumu Maksuudi. Tajiri mnafiki anayemfungia binti yake ndani mpaka anakuwa mwanamwali asiyeujua mji wake mwenyewe ndiye aliyeandaa anguko hilo. Wapo wanaouliza mbona Mussa, aliyelelewa nyumba ile ile, hakuwa mlevi. Swali hilo lina sura ya ukali lakini ni jepesi mno. Mussa ni mwanamume na hakufungiwa mlango.

Pengo liko kwingine. Maimuna haishii Rumbalola. Anayaacha maisha yale na kuolewa na Kabi. Insha zetu humshusha kwa kurasa tatu, kisha humpandisha kwa mstari mmoja: "hatimaye alibadilika", utadhani ni mvua iliyokatika. Ikiwa alishushwa na wengine tu, alipandishwa na nani? Mhakiki aliyemnyima Maimuna uamuzi wakati wa kunywa hana pa kuupata uamuzi huo wakati wa kuacha.

Kiswahili chenyewe kina nafasi pana kuliko tunavyokitumia. Tuna kulevya, kulewa na kulevuka. Katika "dawa za kulevya" mtendaji ni dawa. Kulewa kuna mwisho unaofanana na wa kutendwa, lakini kiima chake ni yule aliyeinua bilauri. Kulevuka kuna -uk- ile ile ya kuzibuka na kufumbuka: kilichofungwa kinafunguka. Katika rundo la insha hizo hatukukiona kitenzi hiki cha tatu hata mara moja. Kwa upande wa pili kuna "teja", neno la mitaani nchini Tanzania. Asili yake ni mteja, mnunuzi wa kawaida dukani. Likaondolewa kiambishi cha ngeli ya watu, wingi wake ukawa mateja, sawa na matunda na mawe. Hapo lawama yote imebebeshwa kijana, na utu wake umeondoka pamoja na ile m-.

Sisi tunapendelea "uraibu". Zamani neno hili lilihusu vitu kama tambuu na tumbaku. Siku hizi limepanuka. Faida yake ni kwamba linataja mazoea, na mazoea yana mwanzo ambapo mtu bado ana sauti, na yana mahali ambapo nia peke yake haitoshi tena. Anayefikiri kwamba msaada na wajibu haviendi pamoja na atazame tiba ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, iliyoanza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Dawa inatolewa na wengine, lakini mgonjwa ndiye anayeamka kila asubuhi, anafika kliniki na kuinywa mbele ya mhudumu. Kesho anarudi tena. Katika safari hiyo ya kila siku, nani anatenda na nani anatendwa?

Hapa Uganda, mwaka 2019, serikali ilipiga marufuku waragi na pombe kali nyingine katika vifuko vidogo vya plastiki. Ilikuwa hatua ya maana, kwani kifuko kile kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi kwa urahisi kama peremende. Hata hivyo, sheria huondoa kishawishi kilichotajwa tu. Kamari ya mpira haihitaji kifuko.

Suala hili si la alama za mtihani tu. Waandishi wa insha hizo ni vijana, kama Maimuna. Tunajua, nao wanajua, kwamba miongoni mwao wamo wanaokosa kipindi cha Jumatatu asubuhi kwa sababu ya Jumapili usiku. Mwenzao wa namna hiyo akiisoma insha iliyopata alama za juu, anajifunza kwamba ameshatumbukizwa, na kwamba wa kumtoa ni yule yule aliyemtumbukiza. Akitoka nje ya ukumbi anaitwa mlevi, basi. Darasani hana kosa, nje hana utu, na kote kuwili hana la kufanya.

Kwa hiyo muhula ujao swali letu la kawaida, "Jadili sababu za kuanguka kwa Maimuna", tunaliondoa. Jipya litasomeka: "Ni wapi Maimuna angeweza kukataa, na nani alipaswa kuwa karibu naye ili aweze?" Majibu yasipungue kurasa nne, na mbili kati yake ziwe za kulevuka.