Mkulima wa Bustani na Dawa za Majaribio

Riwaya ya John le Carré iitwayo The Constant Gardener ilitoka mwaka 2001, na filamu yake iliyoongozwa na Fernando Meirelles ikafuata mwaka 2005. Tangu hapo ni nadra mimi kukutana na msomi wa sheria, wa siasa au wa fasihi ambaye, akisikia kwamba kazi yangu ni famakolojia, hataniuliza kama nimeisoma. Nimeisoma mara mbili. Ni hadithi nzuri na hasira yake ni ya kweli. Hata hivyo nina ugomvi nayo, na si ugomvi mdogo, maana watu wameacha kuisoma kama riwaya na sasa wanaitoa kama ushahidi.

Kwa wale ambao haijawafikia: Tessa Quayle, mke wa mwanadiplomasia wa Kiingereza mjini Nairobi, anauawa karibu na Ziwa Turkana. Mumewe Justin, mtu mpole wa maua na mbolea, anaanza kufuata nyayo zake na kugundua kwamba alikuwa akichunguza dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa. Dawa inajaribiwa kwa wagonjwa maskini wa Kenya, inaua baadhi yao, kampuni zinaficha, na wakubwa wa ubalozini wanatazama pembeni.

Niseme kwanza palipo pazuri. Ile wodi ambamo Tessa amelazwa jirani na Wanza, mama aliyetoka kujifungua na ambaye dawa inammaliza, imeandikwa na mtu aliyeiona hospitali ya umma kwa macho yake. Lakini hebu mtazame Wanza mwenyewe. Hasemi kitu. Hatujui kama aliulizwa, wala alijibu nini. Anakufa, na akishakufa anakuwa kielelezo katika kesi ya Waingereza wao kwa wao. Daktari Bluhm ni Mwafrika, lakini amelelewa Ubelgiji. Mfamasia wa Kikenya mwenye uzito wowote, muuguzi wa utafiti, mjumbe wa kamati ya maadili, wote hao nimewatafuta nisiwaone. Ni kama kusimulia harusi usimtaje mtu yeyote wa upande wa bibi harusi.

Ugomvi wangu mkubwa uko kwingine. Katika kitabu hiki hakuna mtu anayepima chochote. Kifo cha dawa kinajulikana kwa kukitazama: mgonjwa alikunywa Dypraxa, amekufa, basi Dypraxa imemuua. Miaka minne ya shahada yangu ya uzamivu niliimaliza nikipima kwinini katika damu, chupa kwa chupa, usiku na mchana, na kama kuna jambo moja nililolipata kwenye ule uchovu ni kwamba kifo hakiji na jina la mwenyewe kifuani. Wagonjwa mahututi hufa wakipewa dawa, na hufa wasipopewa. Ili ujue dawa imefanya nini huna budi kuwa na kundi jingine la kulinganisha, na wagawanywe kwa bahati nasibu, mkono wa daktari usichague.

Msomaji ataniuliza mfano. Nitautoa hapa hapa kwetu. Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitali na homa kali huku damu yake haizunguki vizuri, vitabu vilisema apigwe maji mengi ya mshipa upesi. Madaktari waliona kwa macho yao mtoto akichangamka. Kati ya mwaka 2009 na 2011 jambo hilo lilijaribiwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo Kilifi, Mbale na Teule ya Muheza. Utafiti uliitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland. Bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua mtoto yupi apate maji ya haraka na yupi apate ya polepole. Saa ya kwanza waliopata maji ya haraka walionekana kweli kuwa na nafuu zaidi. Kufikia saa 48, kati ya watoto 3,141, walikuwa wamekufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Maana yake ni watoto watatu zaidi katika kila mia, na waliokuwa wakiwapoteza ni watu wema, wenye nia safi, waliofuata kitabu. Hakuna jicho la daktari lingeliona hilo. Kachero naye asingeliona, awe hodari namna gani.

Sasa fikiri mtunzi wa kipaji cha le Carré angefanya nini na muuguzi yule mwenye bahasha. Mtoto anakata roho, mama ametoka kijijini kwa baiskeli ya kukodi, hakuna muda wa kumsomea karatasi. Katika utafiti ule, hali ikiwa hivyo, mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo, na ridhaa kamili ikaja baadaye. Je, ni haki? Na akija kuombwa ridhaa hiyo mtoto akiwa ameshafariki? Hapo ndipo penye swali gumu la dawa za majaribio, na riwaya nzima imepita kando yake kwa sababu inataka mbaya mwenye sura.

Sitaki nieleweke vibaya. Wabaya wapo, na mtunzi mwenyewe ameandika mwishoni mwa kitabu kwamba aliyoyakuta alipochunguza yanaizidi hadithi yake. Kano, Nigeria, mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, Pfizer iliwajaribu watoto 200: nusu kwa dawa yake mpya Trovan, nusu kwa seftriaksoni. Walikufa watano upande wa Trovan na sita upande wa pili. Kwa hesabu hiyo peke yake huwezi kumfunga mtu. Kesi ilikuwa juu ya mambo ya karatasi: wazazi waliambiwa nini, kibali cha maadili kilitoka lini, kipimo cha dawa ya kulinganishia kilitosha au hakikutosha. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na jimbo la Kano. Lakini mwaka 2003 na 2004 Kano ilikuwa imeshakataa chanjo ya polio, na kumbukumbu ya Trovan ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Polio ikatoka huko ikavuka mipaka. Hakuna aliyepigwa risasi, wala mke wa balozi hakutekwa njiani.

Na wabaya wote si wageni. Mwaka 1990 Rais Moi aliizindua KEMRON, dawa ya UKIMWI iliyotokana na interferoni ya kiasi kidogo mno, ya kuyeyushia mdomoni, kazi ya watafiti wa KEMRI. Wagonjwa walifurika. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida. Hapo kosa lilikuwa la furaha: dawa ilipigiwa vigelegele kabla ya kulinganishwa na kitu. Riwaya isemayo kwamba hatari daima huja kwa ndege kutoka Ulaya haina nafasi ya KEMRON, na msomaji wetu akiifunga anaridhika mno na nafsi yake.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambayo naitetea mbele ya mtu yeyote. Ni safari ya Justin kwenda Kanada kumtafuta Lara Emrich, mmoja wa waliobuni dawa ile, ambaye sasa ameandamwa na chuo na kampuni kwa sababu ametaka kusema. Wengi walimfananisha na Nancy Olivieri wa Toronto, ambaye mwaka 1996 alitaka kuwaonya wagonjwa wake juu ya dawa ya kuondoa chuma mwilini, kampuni ya Apotex ikasimamisha utafiti na kumtishia sheria. Hapa le Carré amegusa mfupa. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alilipiwa na kampuni ya nje, na mkataba wake ulikuwa na kifungu cha mistari miwili: matokeo yasitolewe bila idhini. Tasnifu ikapita vizuri, kisha ikakaa kabatini miaka miwili. Watu wakimwita Dokta, naye hawezi kumwonyesha hata mama yake kilichompa jina hilo.

Sura za Kanada ndizo ninazowapa wanafunzi wapya wa uzamivu wazisome kabla hawajatia sahihi popote. Zile za bunduki wanazimaliza wenyewe.