Waya Usioonekana

Fundi wangu wa baiskeli, pale Tabora chini ya mwembe, akifunga taa za dainamo haanzi na waya. Anaanza na uzi. Anaushika kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, anauvuta hadi kwenye dainamo iliyofungwa kwenye foku, kisha anafumba jicho moja. Dainamo lazima ielekee katikati ya ekseli. Ikienda kombo, kile kigurudumu chake hakibingiriki tena kwenye ubavu wa tairi, kinausugua. Tairi linaliwa, miguu inachoka, na mtaa mzima unakusikia ukipita.

Analegeza nati, anasogeza kwa kidole gumba, anakaza, anapima tena. Mara nne. Kisha anakaza kwa nguvu zake zote, maana dainamo iliyolegea ikiingia kwenye spoki, utakachokitafuta gizani ni meno yako.

Ndani ya dainamo ile yenye umbo la kichupa sumaku inazunguka kando ya waya wa shaba uliovingirishwa, kwa kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday kule London mwaka 1831. Dainamo ya kawaida ni ya volti 6 na wati 3: taa ya mbele inachukua 2.4, ya nyuma 0.6. Globu ya mbele ikiungua ukiwa mwendoni, mzigo wote unaiangukia ile ndogo ya nyuma, nayo haichelewi kuifuata. Ndiyo sababu fundi hakosi globu za akiba, amezifunga kwa pamba ndani ya kopo la dawa ya viatu.

Sasa waya. Ni mmoja tu kwa taa ya mbele, na mgeni huuliza wa pili uko wapi. Wa pili ni baiskeli yenyewe: umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwa chuma. Kwa hiyo rangi ni adui. Fundi anachukua msasa na kukwangua ile rangi nyeusi ya baiskeli yangu ya Phoenix, eneo la ukubwa wa kucha, mpaka chuma king'ae. Mwaka juzi nilijifungia taa mwenyewe nikaionea huruma rangi. Taa ilikonyeza hadi kona ya kwanza, ikazima.

Ila kwa taa ya nyuma fundi hakiamini chuma. Dainamo ikiwa mbele, umeme wa kurudi ungepitia gololi za shingo ya usukani, zilizojaa grisi, na kila shimo la barabarani lingeikata taa. Hapo anatandika nyaya mbili. Zikifika shingoni anazizungusha kwenye spoki kuukuu, mizunguko kumi hivi iliyobanana, halafu anaichomoa spoki. Kinabaki kispringi cha waya. Ananiambia nikate usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Yeye amechuchumaa anakitazama kikivutika na kurudi.

Ananyanyua gurudumu, analizungusha kwa kiganja. Mwanga unatoka mwekundu, unageuka njano, unakuwa mweupe kiasi, kisha unafifia pamoja na gurudumu. Mimi nimeshatoa pesa mfukoni. Yeye bado anainamisha taa ya mbele.

"Hii ni ya kutazamia njia, mwanangu. Popo huko mwembeni tuwaache walale."

Anakaza skrubu nusu mzunguko, anaufuta mkono kwenye suruali, ndipo anaupokea ujira wake.