August Nimtz na tarika ya Bagamoyo

Kitabu cha August H. Nimtz juu ya Uislamu na siasa katika Afrika ya Mashariki, kilichotolewa Minneapolis mwaka 1980, chastahili kusomwa na wanafunzi wa Kiswahili, si wanahistoria peke yao. Kiini chake ni Bagamoyo, na katika Bagamoyo ni mtu mmoja: Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyo alitolewa Manyema, yaani huku kwetu, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akawa khalifa wa Kadiriya. Alipofariki mwaka 1931 mwanawe Muhammad alimrithi, naye baadaye akajiunga na harakati za TANU.

Nimtz aonyesha kwamba tarika iliwafungulia mlango wale ambao waungwana waliwaacha nje. Hoja hiyo ina nguvu, wala sioni aliyeieleza vizuri kumshinda.

Wengine hushangaa kwamba mwalimu huyo wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliiacha tarika, akaandika juu ya Marx na Engels (2000), kisha Lenin (2014). Mimi sioni mkatizo. Swali ni lile lile: wanyonge hupataje sauti wanapojipanga pamoja? Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Kwa jicho la mwanasiasa, halaka ya dhikri yaelekea kufanana na mkutano wa chama, na khalifa na mwenyekiti wa tawi. Muridi hakuingia zawiyani kutafuta kura; alimtafuta Mungu, na heshima ikamfuata.

Mwanaisimu angeuliza jingine. Pwani ilikuwa na maneno yake ya kupanga watu: muungwana, mtumwa, mshenzi, hata jina la Mmanyema halikuwa jina tupu la kabila. Mtu aliyeitwa hivyo alikujaje kuitwa «Sheikh», na nani wa kwanza kutamka? Badiliko la wito ni haki inayosikika kwa masikio, kabla ya cheo chochote.

Tena kichwa cha kitabu chaweka mpaka Tanzania. Kadiriya iliufikia Kasongo pia, ikatiliwa shaka na Wabelgiji. Mtoto wa Manyema aliyekuwa khalifa ugenini, je, huku alikotolewa anakumbukwa kwa jina gani? Wanafunzi wetu wanaotoka Maniema wangeanza kwa kuwauliza wazee wao, na kinasa sauti mkononi.