Pensheni ya Uingereza na hesabu ya kisanduku namba 8

Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa bila kukatwa hata peni, na kwa sababu hiyo wapo wastaafu wanaodhani haitozwi kodi. Inatozwa. Kwenye ritani, fomu ya SA100, mahali pake ni kisanduku namba 8, na kinachotakiwa humo ni stahiki ya mwaka mzima wa kodi, yaani 6 Aprili hadi 5 Aprili. Sheria ya kodi ya mapato ya 2003, kifungu cha 578, inahesabu kile ulichostahili katika mwaka huo, hata kama fedha zimeingia benki baadaye.

Chukua mwaka 2024/25 na mtu anayepata pensheni mpya kamili. Kiwango kilikuwa pauni 221.20 kwa wiki, kwa hiyo wengi watazidisha mara 52 na kuandika 11,502.40. Wamezidisha mno. Kiwango hicho kilianza Jumatatu, 8 Aprili 2024, mwaka wa kodi ukiwa umeshaanza, hivyo wiki moja huhesabiwa kwa kiwango cha zamani cha 203.85. Wiki 51 za kiwango kipya ni 11,281.20; ongeza ile moja, upate 11,485.05. Kodi iliyozidi kwa kosa hilo ni pauni 3.47, kwa anayetozwa asilimia 20. Ni kidogo, lakini ni mali ya mzee aliyeifanyia kazi. Hata tarakimu uliyoikuta imeshajazwa kwenye ritani ya mtandaoni, ikague kwa hesabu hii hii.

Anayejumlisha taarifa ya benki hukosea upande wa pili. Pensheni hulipwa kila wiki nne, kwa wiki zilizokwisha kupita. Malipo ya kwanza yakiwa na wiki tatu za kiwango cha zamani na moja ya kipya, ni 832.75. Ukijumlisha na malipo 12 ya 884.80 yaliyofuata, benki inaonyesha 11,450.35, pungufu ya stahiki kwa pauni 34.70.

Kosa linaloumiza kweli ni kukiacha kisanduku wazi. Tuseme mstaafu huyo, mkazi wa Leicester, ana pia pensheni ya mwajiri ya pauni 6,000. Kiwango kisichotozwa kodi ni 12,570. HMRC, mamlaka ya kodi, huondoa humo pensheni ya serikali, kisha humwagiza mlipaji wa ile ya mwajiri akate kodi kwa namba ya kodi 108L. Mwaka ukiisha zimekatwa kama pauni 982. Mzee anaona kodi ya pensheni zote mbili imeshalipwa, na hapo hakosei, lakini ndipo anapoona hakuna haja ya kuitaja ile ya serikali. Ritani inasoma mapato ya 6,000 peke yake, chini ya 12,570, na inamrudishia zile 982 zote. Barua ya kuzidai ikija, fedha zimekwisha tumika, na riba inahesabiwa. Naona ni kumwonea mzee kumtaka aiambie serikali kiasi ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyomlipa.

Makato hayo yana mahali pake, kisanduku namba 12, chini ya pensheni ya mwajiri. Kisanduku namba 10 kinafanana nacho, lakini ni cha kodi iliyokatwa kwenye malipo ya mkupuo ya pensheni ya serikali. Bonasi ya Krismasi ya pauni 10 haitozwi kodi, usiiandike.

Kwa waliorudi Mombasa au Dar es Salaam na bado wanajaza ritani ya Uingereza, labda kwa sababu ya nyumba wanayopangisha huko, hesabu inabadilika. Kenya na Tanzania hazimo katika nchi ambako pensheni hiyo huongezwa kila mwaka, kiwango huganda. Tarakimu za 221.20 na 203.85 huenda hazimhusu mtu huyo. Atafute barua ya kiwango chake mwenyewe, azidishe kwa wiki za mwaka wa kodi, aandike jibu hilo.