Kweli Mbili na Uongo Mmoja: Tahakiki ya Mchezo wa Siku ya Kwanza

Kozi yetu ya utunzi wa mashairi ilianza kwa mchezo wa kuchangamshana. Kila mwanafunzi alitaja mambo matatu kumhusu, mawili ya kweli na moja la uongo, na wenzake wakabashiri lipi la uongo. Nilisema bibi yangu alizaliwa Kudhaa, sijui kuogelea, na nimewahi kula nyama ya kasa. Karibu darasa zima lilisema uongo ni Kudhaa. "Somalia kuna Waswahili wapi?" aliuliza mmoja, watu wakacheka. Uongo ulikuwa kasa.

Kudhaa ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo. Wenyeji wake husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili, na wengi walikimbilia Kenya baada ya vita vya mwaka 1991. Kwetu, kuthibitisha asili si jambo la mchezo. Nchini Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wamehojiwa kuhusu visiwa vyao, na usemaji wao ukachunguzwa, ili ijulikane kama ni Wabajuni kweli.

Simlaumu mwalimu. Mchezo huo una faida: hata mwenye haya hupata zamu ya kusema, na majina hushikika upesi. Kasoro ninayoiona ni ya kifasihi. Mchezo huu unamfundisha mtunzi chipukizi kwamba kila kauli ni ama kweli ama uongo, na kwamba kazi ya msikilizaji ni kumnasa msemaji. Ushairi haufanyi kazi hivyo. Mtu akiliita yai nyumba isiyo na mlango, amesema kweli au uongo? Swali lenyewe halina maana. Fumbo humtaka msikilizaji afikiri, halimtaki ahukumu. Tena "mimi" wa shairi si lazima awe mtunzi, ilhali mchezo ule unamlazimisha kila mtu kujianika tangu saa ya kwanza.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, na tulipokuwa tukingoja mwenzetu mmoja akaanza: "Kitendawili!" Tukaitikia: "Tega!" Zamu yangu ilipofika nilitega cha kwangu mwenyewe: hunikimbia bila ugomvi, hurudi bila kuitwa. Walijaribu paka, usingizi, hata mume. Jibu ni maji ya bahari, yanayopwa na kujaa. Waliposhindwa nikadai mji, kama ilivyo desturi. Wakanipa Mombasa, nikakataa. Wakanipa Lamu, nikakataa. Ndipo yule aliyeniuliza swali siku ya kwanza akasema, "Basi tunakupa Kudhaa." Nikaupokea mji, nikawapa jibu.

Wapo watakaosema si wote waliokulia penye vitendawili. Ni kweli, na kwa hiyo napendekeza kila mwanafunzi atunge chake kuhusu kitu kimoja cha nyumbani kwao, badala ya kukariri vya zamani. Hapo atakuwa ameanza kutunga siku ile ile ya kwanza, na wenzake watamjua kwa jicho lake kabla ya kumjua kwa asili yake. Mchezo wa kwanza ulinitaka nithibitishe mji wangu. Huu wa pili ulinipa mji huo huo, na hakuna aliyeniomba ushahidi.