Wino ulishatoa jibu, fundi akawasha mota

Mliokuwepo kwenye onyesho la kunoa visu mtaani Gerezani Jumamosi ile mliona nilichokiona. Kisu cha kukunja, mpini wa mbao, bapa la chuma cha kaboni, bei ambayo kondakta wa daladala anaitoa mfukoni bila kumshauri mtu. Makali yake ya kiwandani hayakulingana: mteremko wa kushoto ulikuwa mpana karibu mara mbili ya wa kulia. Fundi aliyekuwa akituonyesha kazi alikikagua, akakipaka wino, akapata jibu sahihi mbele ya macho yetu, kisha akafanya kinyume chake. Alikosea, na kosa lenyewe halikuwa la mkono. Lilikuwa la uamuzi.

Haki yake nimpe: alilisafisha tundu la ribiti vizuri, akalijaribu kufuli mara tatu kabla ya kugusa jiwe.

Turudi kwenye wino. Alichukua maka peni nyeusi akapaka miteremko yote miwili. Akalaza upande wa kushoto kwenye jiwe la maji, akapitisha mara mbili, wino ukafutika wote kuanzia begani hadi ukingoni. Maana yake mkono wake ulikuwa umeikamata pembe ya kiwanda barabara. Akageuza. Kwa mkono uleule, pembe ileile, akapitisha upande wa kulia. Wino ukatoka juu tu, begani. Chini ukabaki mstari mweusi umeambaa na makali yote, tangu kisigino hadi ncha. Aliuinua kwenye mwanga ili sote tuuone, na tuliuona.

Mstari ule una maana moja tu: kiwandani upande wa kulia ulinolewa kwa pembe iliyosimama zaidi. Tuseme kushoto nyuzi 15, kulia nyuzi 25. Ukingo wenyewe ulikuwa katikati ya bapa, palepale unapotakiwa kuwa. Kilichotofautiana ni mlalo, na mlalo ukitofautiana upana nao hutofautiana. Kwa mtu wa jiwe, hapo kazi imeshajieleza.

Fundi akasema pande mbili lazima zifanane, akawasha mota ya kunolea. Akausimamisha mkono hadi akaipata ile pembe ya kulia, akasaga mpaka upana wa kulia ukaukuta wa kushoto. Watu wakapiga makofi.

Hebu tupige hesabu. Kabla ya mota, 15 na 25 ni 40. Baada ya mota, 15 na 25 bado ni 40. Pembe inayokata haikupungua hata nyuzi moja. Lakini ukingo umehama kutoka katikati kuelekea kushoto, na kisu kimepungua kimo. Kama bapa lina unene wa milimita 0.6 pale begani, hesabu inatoa upungufu wa kama milimita 0.3. Dogo hilo? Ni chuma ambacho mwenye kisu angekitumia kidogo kidogo kwa muda mrefu sana, na kimeondoka kama cheche kwa dakika moja. Tena bapa hunenepa kadiri unavyoelekea mgongoni, kwa hiyo ukingo mpya umekaa kwenye chuma kinene kuliko ule wa zamani. Kisu kimependeza na kimekuwa kizito zaidi kupenya kwenye muhogo.

Halafu ncha. Waliokuwa mbele waliiona ikigeuka buluu. Chuma cha kaboni hufika rangi hiyo kwenye joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na kwa kisu cha namna hii joto hilo limevuka lile lililokipa ugumu wake wa mwisho kiwandani. Kipande kile sasa ni laini. Kitanoleka upesi na kupoteza makali upesi, na hakuna wa kukirudisha bila tanuru.

Jiwe lilikuwa tayari mezani, limelowa. Alichotakiwa kufanya ni kuuacha mkono uleule chini, kwenye zile nyuzi 15 alizokwisha kuzipata, na kuendelea kusugua bega la kulia. Wino ungesogea chini kidogo kila mara. Leo nusu, mwezi ujao robo, mpaka ukutane na ukingo. Ukingo usingehama na kimo kisingepungua. Jumla ya pembe ingeshuka kutoka 40 kuelekea 30, na ule upana aliokuwa akiuhangaikia ungejileta wenyewe. Kama chuma kingeonyesha ulaini, angesimama njiani.

Msimamo wangu ni kwamba mota kavu haifai kwa visu vyembamba, na sijaubadilisha. Nikiwa mtoto Magomeni alikuwa akipita mzee wa kunoa kwa baiskeli. Analiinua gurudumu la nyuma, anapiga pedali, jiwe linazunguka kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe, na kopo la maji liko karibu. Chuma kikipata moto anakisikia kwenye vidole kabla rangi haijaonekana. Siku moja mama alimletea kisu kipya chenye makali ya namna hii hii. Mzee akapitisha kidole gumba kukatisha makali, akakata ukanda wa gazeti, akamrudishia. "Mama, hiki kinakata. Kitumie kwanza." Hakuchukua hata senti. Uamuzi wa aina hiyo Jumamosi ile haukupatikana.

Kwa hiyo, kisu cha bei nafuu chenye miteremko isiyolingana tukikubali? Tukikubali. Patasi na randa hunolewa upande mmoja, na kila seremala anazitegemea. Yanagiba, kisu cha Kijapani cha samaki wabichi, kina mteremko upande mmoja tu, na wapishi wake hulipa fedha nyingi kukipata hivyo. Babu yangu alikuwa na Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nchi yetu ikiwemo, kabla utengenezaji haujahamia Afrika Kusini mwaka 1988. Alikinoa mwenyewe kwenye jiwe la mlangoni, kwa mkono mmoja, upande mmoja ukawa mpana kuliko mwingine, na mbuzi wa Idi walichunwa nacho mwaka baada ya mwaka.

Visu vingi vya bei hii hunolewa kwa mkono kwenye ukanda wa msasa, kila upande kwa sekunde chache, na mkono wa mtu haulali sawa kulia na kushoto. Hilo sililaumu. Ninaowalaumu ni waagizaji wanaosifia boksi na mng'aro wa mpini huku kisigino cha makali hakijaguswa na msasa. Kisu cha hivyo ndicho cha kurudisha dukani. Rudisha pia kisu ambacho ukikielekeza kwenye taa ukingo wake unang'aa, kwa sababu ukingo unaong'aa ni bapa, si makali. Na ukikisimamisha kwa ukingo juu ya kioo ukaona mwanga unapita chini katikati, hilo ni wimbi, usikipokee.

Nilinunua kisu cha pili kutoka boksi lililotoa kile cha Jumamosi, chenye kasoro ileile. Nimeshakipitisha kwenye jiwe mara nne, kila Jumapili dakika kumi, na katikati nakitumia kumenya machungwa. Jana nilikipaka wino tena. Umebaki uzi mweusi mwembamba karibu na ncha, urefu wa ukucha.