Jina la Lumumba na Kazi ya Lumumba

Makada wengi wakisema "Lumumba" huwa wana maana ya ofisi ndogo ya Chama, iliyo katika mtaa wa jina hilo kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo. Katika mtaa huo, ulipokuwa ukiitwa New Street, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Hivyo jina la mpigania uhuru wa Kongo limekuwa kwetu jina la anwani. Makala hii inashikilia kwamba kumuenzi kiongozi kwa jina tu, bila kuendeleza kazi yake, ni sawa na kumsahau.

Chuo kikuu kilichopewa jina lake kinatoa ushahidi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960 ili kuwasomesha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Februari 1961, mwezi mmoja baada ya Patrice Lumumba kuuawa huko Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, kikapewa jina lake. Heshima hiyo ilikuwa na uzito, maana Lumumba, karani wa posta wa Stanleyville, mwenyewe hakupata kusoma chuo kikuu. Mwaka 1992, baada ya Dola ya Kisovieti kuvunjika, jina hilo liliondolewa. Mwaka 2023, Urusi ilipokuwa ikitafuta marafiki Afrika, likarudishwa. Katika miaka hiyo yote mahitaji ya wenye chuo ndiyo yaliyobadilika.

Mambo ya Kongo yenyewe yanafundisha zaidi. Mobutu, aliyetwaa madaraka Septemba 1960 na kumweka Lumumba kizuizini, ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Ikiwa hata aliyemwangusha aliweza kulitukuza jina lake, basi jina peke yake haliwezi kuwa kipimo cha uaminifu.

Kipimo ni swali alilolisimamia: nani mwenye mali ya nchi, na inatumika kwa faida ya nani? Tarehe 30 Juni, 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, alieleza bila kificho dharau, kazi za kulazimishwa na unyang'anyi wa ardhi. Siku 11 baadaye Katanga yenye shaba ikajitenga, ikiungwa mkono na Ubelgiji na kampuni ya Union Minière. Tanzania ilitoa jibu lake kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, lililotaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Makosa ya utekelezaji yalikuwapo, na haifai kuyaficha. Lakini hayakulifuta swali.

Swali hilo liko Kariakoo leo. Hatua chache kutoka Mtaa wa Lumumba, maduka yamejaa simu. Betri nyingi za simu hizo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa katika eneo lililokuwa Katanga. Bei haipangwi na mchimbaji, wala na mchuuzi wa Kariakoo.

Kwa hiyo madarasa ya itikadi katika matawi yaisome hotuba ile pamoja na historia ya Katanga. Na kila mwanafunzi anayepata ufadhili, uwe wa Moscow au wa kwingineko, ajiulize elimu hiyo atawatumikia nayo akina nani.